MiG Kwenye Meza ya Kukatia Nguo

Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, ndege ndogo za watalii husikika hata huku kwetu Gorong'a, mkoani Mara, zikielekea Kogatende, kile kiwanja cha vumbi kilichoko kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Watoto huzikimbilia na kuzipungia. Mimi nilikuwa nikiinama. Sisemi nilijificha, mtu mzima mwenye duka lake hajifichi mbele ya wateja. Niliinama tu, nikajifanya natafuta pini iliyoanguka, mpaka mlio uishe. Nimefanya hivyo nikiwa mwali, nikiwa mama, nikiwa bibi. Marehemu mume wangu aliamini nina tatizo la mgongo, na sikumsahihisha.

Siku hizi natoka nje kuzitazama. Huo ndio ushuhuda wangu, na kanisani bado sijautoa. Huko nimesimama kushuhudia uponyaji, nimeshuhudia mtoto kufaulu, nimeshuhudia hata kupatikana kwa ng'ombe. Huu wa sasa una ndege za kivita ndani yake, na mimi ni muumini wa Kanisa la Mennonite, lililoingia mkoa huu kupitia Shirati mwaka 1934, na ambalo tangu asili yake halitaki muumini ashike silaha. Kwa hiyo naandika.

Nimeolewa Gorong'a, lakini nilizaliwa Musoma mjini. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, nilikuwa darasa la kwanza. Bukoba ilikuwa imeshapigwa mabomu kutoka angani. Musoma iko upande huu wa ziwa, mbali na mapigano, lakini ndege haijui ng'ambo, na wazazi walijua hivyo. Amri ya nyumbani ilikuwa fupi: ukisikia mlio, lala kifudifudi, ziba masikio, usitazame juu. Mama alisema uso wa mtu ukitazama juu hung'aa, na rubani huuona. Mpaka leo sijui alilisikia wapi hilo, ila nililiamini kama Amri ya Kumi na Moja.

Mwanzoni mwa Novemba mizinga ya kudungulia ndege ililia. Nilikuwa chini ya mwembe wa jirani, mdomo kwenye udongo. Niliisikia ile siku, sikuiona. Nilisikia watu wakishangilia kwamba adui ameanguka. Kisha, kwa minong'ono ya watu wazima wanaodhani mtoto amelala, nikajua kwamba zilizoanguka zilikuwa ndege zetu wenyewe. Vitabu vya vita ile vinaeleza hivyohivyo: wapiga mizinga wetu karibu na Musoma walizidhani za adui, wakazidungua. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, habari hiyo iligeuka kuwa somo moja tu, kwamba kule juu hakuna cha kutazama, kwa kuwa hata wanaotazama kwa kazi hawajui wanachokiona.

Sasa niseme kuhusu kikundi cha kuchonga modeli za ndege, ambacho ndicho kilichonitoa nje. Hakikuanza kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mtu yeyote kupona kitu. Mwalimu mmoja wa fizikia alipanga chumba nyuma ya duka langu la ushonaji, na jioni alikuwa akichonga. Kwanza vijiko, nikadhani ni mtu wa kuuza vinyago. Halafu nikaona bawa. Vijana wawili wa karakana ya useremala wakavutwa na ile kazi, akaja pia mwendesha bodaboda mmoja ambaye utotoni alikuwa bingwa wa magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, na baadaye mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyetembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka Kampala. Mtu wa jeshi si ajabu kwetu. Wakurya, wenyeji wa huku, wamejaa katika majeshi ya nchi hii tangu enzi za KAR, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, na Brigedia Mwita Marwa aliongoza brigedi katika vita ileile. Ajabu ilikuwa kumwona mzee wa umri ule ameketi na vijana kupiga msasa kipande cha mti.

Walikosa meza. Yangu ya kukatia nguo ni ndefu na tambarare, na Jumapili mchana haina kazi. Mwalimu aliniomba kwa adabu, nikakubali kwa kodi ya soda moja. Nilikuwa nikishona vifungo huku nimewapa mgongo.

Mipango ilichukua muda mrefu kuliko kuchonga, na hakika ndiyo sehemu waliyoifurahia zaidi. Vijana walitaka ndege za kwenye simu zao, zile za Kimarekani na za Kirusi zinazojipindua hewani. Mwalimu akaweka kanuni ambayo mimi, hata kwa mgongo, niliisikia vizuri: tutajenga kwa pamoja, kila mtu yake, ila ni zile tu zilizopita au zingeweza kupita juu ya Mara wakati wa vita ya Kagera. Asiyeweza kueleza ndege yake ilitoka wapi na ilikuwa ya nani, hachongi.

Kanuni hiyo iliwaumiza. Kijana mmoja alikuwa ameshaipenda Tu-22, lile dege la mabomu la Libya lililotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin mwezi Machi 1979. Lililenga matangi ya mafuta Mwanza, likakosa, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Mwalimu akamwambia Mwanza si Mara. Kijana akasema ziwa ni moja. Likapimwa kwenye karatasi: urefu wa ndege yenyewe unazidi mita 40, kwa hiyo modeli yake ingekuwa ndefu kuliko cherehani yangu ikiwa na stuli yake. Likaachwa, si kwa hoja ya historia bali kwa kukosa mti.

Zilizobaki ni familia moja ya ndege za kivita, MiG. Jeshi letu la anga, lenye kambi yake Ngerengere kule Morogoro, lilikuwa na nakala za Kichina za MiG-17 na MiG-19, na pia MiG-21 za Kisovieti. Amin naye alikuwa na MiG-17 na MiG-21 za Kisovieti, ukiondoa zile ambazo makomando wa Israeli waliziteketeza pale Entebbe Julai 1976. Mwalimu alizichora ubaoni upande huu na upande ule. Nilisikia chaki ikigonga, nikasikia ukimya, kisha mwendesha bodaboda akauliza, "Mwalimu, mbona ni zilezile?" Mwalimu akasema tutafika huko.

Wenzetu wa Ulaya na Japani wanaopenda kazi hii hununua kisanduku. Ndani mna vipande vya plastiki vilivyokwisha tengenezwa, gundi, na karatasi ndogo za alama. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, na kuanzia hapo watoto wa huko wamekua na ndege zilizoning'inizwa darini kwa uzi. Skeli yao maarufu ni 1/72, yaani inchi moja inasimama badala ya futi sita. Kisanduku cha namna hiyo kukifikisha Gorong'a, nauli yake inakishinda chenyewe. Kwa hiyo sisi ni mgrivea wa mabaki ya karakana kwa viwiliwili, na kwa mabawa ule mti mwepesi wa kando ya ziwa ambao wavuvi huutumia kuwa boya la nyavu. Unakatika kwa wembe. Kioo cha rubani ni chupa ya maji iliyopashwa moto juu ya mshumaa. Mshale wa puani ni spoku ya baiskeli. Magurudumu, bila shaka, ni kandambili.

Kilichonigeuza uso kikawa karatasi. Kijana mmoja alikuwa akichora bawa la MiG-21 kwenye karatasi ya kaki ili alibandike juu ya mti na kukata. Alichora la kushoto, kisha akachora la kulia kwa kukadiria. Niliona kwa jicho la pembeni kwamba la kulia limezidi kama nusu kidole. Mtu mwingine angevumilia. Mimi nimekata mashati maisha yangu yote, na siwezi kukaa chumba kimoja na bega lililozidi lingine. Nikainuka, nikaikunja karatasi katikati, nikachora upande mmoja tu juu ya mkunjo, nikakata mara moja, nikaifungua. Mabawa mawili, sawasawa.

"Mama," yule kijana akasema, "umejifunza wapi ndege?"

Nikamwambia nimejifunza blauzi.

Tangu hapo nikawa wa vipimo. Walikuwa wamekwama kwenye skeli. Mabawa ya MiG-21, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 7.15, kwa skeli ya wenzetu ya 1/72 hayafiki hata sentimita 10, na patasi ya seremala ingelila bawa lote kwa pigo la pili. Wakataka 1/48, wakataka 1/32, kila skeli na hesabu zake za kuvunja kichwa. Mimi tepu yangu siku zote naitumia upande wa inchi. Nikaigeuza upande wa sentimita, nikawauliza kwa nini kila mita moja isiwe sentimita nne, tuache mambo ya kugawanya. Mwalimu akacheka, akasema hiyo ni 1/25 na kwa ndege ni nadra mtu kuitumia. Mzee akasema, "Sisi tutaitumia." Ikapita. MiG-21 ikawa na bawa la sentimita 28.6, inaingia kwenye rula ya shule. MiG-17, ambayo halisi yake ni mita 9.63, ikawa sentimita 38.5.

Siku moja nikauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, hizi za watalii zinazokwenda Kogatende zina upana gani. Mwalimu akatafuta kwenye simu. Nyingi ni Cessna Caravan, mabawa mita 15.88. Nikafanya hesabu papo hapo juu ya meza: sentimita 63 na nusu. Nikaikata karatasi, nikaiweka kando ya MiG. Ile ndege ya amani, inayobeba Wazungu na kamera zao, ilikuwa na mabawa mapana zaidi ya mara mbili ya ile niliyoiogopa maisha yangu. Niliziangalia kwa muda mrefu zile karatasi. Kumbe yule mnyama alikuwa na mabawa mafupi namna hii. Kumbe pia yana umbo la pembetatu, na nyuma yake kuna vibawa viwili vidogo vya mkia, wakati ya Caravan yamenyooka na yamekaa juu ya kiwiliwili. Mtoto angeweza kuzitofautisha. Mimi nilikuwa mtoto, na hakuna aliyenifundisha, kwa sababu amri ilikuwa kutotazama.

Mwalimu ndiye aliyetuletea habari ya Wamarekani. Mwaka 1942 Jeshi lao la Wanamaji liliwaomba wanafunzi wa shule nchi nzima wachonge modeli za ndege 500,000, za mbao, zote kwa skeli ya 1/72, na zote zipakwe rangi nyeusi. Nyeusi, kwa sababu ndege ikiwa angani huoni rangi yake wala alama yake, unaona kivuli. Zilichongwa za rafiki na za adui pia, zikatumika kuwafundisha askari na raia kutambua kinachopita juu kabla ya kufyatua. Watoto walichonga ili wakubwa wasidungue ndege zao.

Nilipolisikia hilo niliacha sindano. Sikusema kitu. Mzee naye hakusema kitu, lakini aliuliza rangi nyeusi inapatikana wapi.

Tukazipaka zote nyeusi. Kuna jiwe kubwa nyuma ya shule, moja ya yale majabali ya mkoa huu yanayokaa kama yalimwagwa. Vijana walipanda juu na mianzi, kila modeli imefungwa kwenye ncha ya mwanzi kwa uzi wangu wa kudarizi. Nilipima kwa kamba mita 20 kutoka modeli hadi mahali pa kusimama, kwa kuwa mita 20 kwa skeli yetu ni sawa na nusu kilomita ya kweli. Mwalimu alikuwa ameandika kwa chaki tumboni mwa kila moja, ndogo kabisa, T ya Tanzania au U ya Uganda. Wazee kadhaa wa kijijini waliitwa, pamoja na mstaafu wetu, wasimame chini na kusema: yetu, au ya Amin.

Ilikuwa kelele na kicheko mwanzoni. Vijana walikuwa wakizipitisha kwa kasi, wakitoa mlio kwa midomo. Mzee mmoja alijibu kila mara "ya Amin, piga!" ili kuwa salama, alivyodai. Mwingine alibashiri. MiG-17 na MiG-21 walianza kuzitofautisha upesi: moja mabawa yamelala nyuma, nyingine pembetatu. Lakini ya nani? Mstaafu wetu alitazama zote mpaka mwisho, hakujibu hata moja. Akaomba ile MiG-21 yenye T na ile yenye U zishikwe pamoja, mianzi sambamba, zisitikiswe. Zikashikwa.

"Mura," akamwita yule kijana aliye juu ya jiwe, "hizo ulizikata kwa karatasi mbili?"

"Moja, mzee. Ya mama."

"Basi," akasema, "hapo hata mimi ningepiga."

Nilikuwa nimesimama kando yake, shingo imekunjwa nyuma, jua usoni. Niligundua baadaye, nikiwa nyumbani napika, kwamba nilikuwa nimetazama juu mchana mzima.

Sitaki kulikuza jambo hili. Sikuamka kesho yake mtu mpya kama wanavyosema wahubiri wa barabarani. Caravan iliyofuata ilipopita, mikono ilikufa ganzi kama kawaida. Tofauti ni kwamba nilikaa wima, nikajiambia: mabawa yamenyooka, juu ya kiwiliwili, mlio wa panga la injini, polepole. Yaani nilihesabu kama ninavyohesabu vipimo vya mteja. Mara nyingine niliweza kufika dirishani. Kisha mlangoni. Ilikuja helikopta siku moja ikanirudisha chini ya meza, sitaficha. Lakini hofu iliyokuwa haina umbo ilipata umbo, na kitu chenye umbo nakiweza. Ninakikunja katikati na kukikata.

Na kuna lingine lililobadilika ambalo sikulitarajia. Nilikuwa na hasira na wale wapiga mizinga wa Musoma. Hasira ya mtoto, isiyo na anwani: wajinga, wamewaua wa kwetu. Niliibeba bila kujua kwamba ninaibeba. Siku ile ya jiwe nilimwona mtu aliyevuka vita nzima akisimama chini ya vipande viwili vya mti, mchana, bila kuogopa chochote, ana muda wote anaoutaka, na hawezi kusema ipi yetu. Hao vijana wa mizinga walikuwa na sekunde. Ndege zote mbili zilitoka kiwanda cha nchi ileile. Nimeacha kuwaita wajinga.

Dada mmoja wa kwaya aliniuliza, bila ubaya, inakuwaje mtu wa kanisa la amani anachonga ndege za vita. Nilimjibu kwamba Mungu anajua ninachochonga, jibu la kukwepa, nakiri. Jibu ninalolitaka bado linachelewa kuja. Najua tu kwamba meza yangu ya Jumapili ndiyo mahali pekee hapa kijijini ambapo nimesikia vita ya Kagera ikisimuliwa bila kujisifu. Vijana wanamuuliza mzee viatu vilikuwaje, chakula kilikuwaje, mvua. Kwa ajili ya modeli wanataka kujua matope yalifika wapi kwenye magurudumu, na swali la matope humfanya mtu aseme kweli. Nimewasikia wanaume wetu wakisimulia vita vingine, vya koo na koo, vya ng'ombe na mipaka, na humo sijawahi kusikia mtu akiulizwa kuhusu matope.

Awamu ya pili tunaipanga sasa. Rangi nyeusi imekwanguliwa, na ugomvi umeanza. Mzee anasema ndege alizoziona zilikuwa za rangi ya fedha. Mzee mwingine, aliyekuwa mgambo Musoma, anaapa kwamba zilikuwa na kijani. Mwalimu anataka picha ya wakati ule kabla ya kufungua kopo, na picha haijapatikana, kwa hiyo makopo yamekaa yamefungwa kwenye rafu yangu katikati ya nyuzi. Ugomvi mkubwa zaidi ni wa alama. Vijana wanataka ile MiG-21 yenye U ipakwe alama za Uganda, maana ndiyo kanuni ya Mwalimu. Mstaafu amekataa katakata. Anasema hatakaa meza moja na ndege ya Amin, hata iwe ya mgrivea. Kura zimegawanyika, na wamenisubiri mimi.

Nimewaambia ipakwe. Nataka zikae mbili, za karatasi moja, kwenye rafu moja dukani kwangu, na mteja akiuliza ipi yetu, aanze yeye kukisia. Mstaafu aliondoka akinung'unika na Jumapili iliyofuata hakuja. Jumapili iliyopita alirudi, akaketi mwisho wa meza, akaomba msasa laini. Brashi nyembamba ya alama nimeagiza Musoma.